Chumba cha Ndani Kiombewe Mwisho

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Jumamosi, muda wa mazoezi ya kwaya ulipokaribia, fundi cherehani alimpigia simu mwalimu wa kwaya akasema ana homa, kichwa kinamgonga, leo asisubiriwe. Mwalimu akasema pole sana, Bwana akuponye. Simu ikakatwa, na fundi akarudi kwenye cherehani yake mzima wa afya, akijiona mjanja kweli.

Alisahau jambo moja, na mtu aliyeimba kwenye kwaya ile tangu usichana wake hakuwa na haki ya kulisahau. Kanisani kwao mtu haugui hivi hivi. Kuna Kundi la Faraja. Ukisema unaumwa Jumamosi, Jumapili baada ya ibada kundi liko mlangoni kwako na matunda, na nyimbo, na blanketi ambalo hukuliomba. Waliwahi kumfuata mzee mmoja mpaka shambani kwake kwa ajili ya mafua tu. Na wakishaingia hawatoki mpaka nyumba nzima iombewe, chumba kwa chumba, shemasi akitangulia na kugusa kila mlango kwa mkono wake.

Sasa, aliyefichwa katika chumba cha ndani cha fundi alikuwa mke wa shemasi, na mtu ambaye hakutakiwa kumwona ni huyo huyo shemasi.

Kwaya nzima ilimwita mwanamke huyo Chiriku, kwa sauti yake. Alifika Ijumaa alfajiri na binti yake mdogo mgongoni, amevaa kandambili zisizofanana. Fundi hakumuuliza kitu. Alikuwa anajua tangu siku ile aliyompima sare mpya ya kwaya, akamwambia anyanyue mkono, na mkono ukagoma kupita bega. Chiriku akacheka, akasema ameteleza bafuni. Watu wengi sana huteleza bafuni, ukiwasikiliza. Fundi akakisia kipimo cha kwapa, akajizungushia shingoni futi yake ya kupimia, akamnong'oneza: "Mlango wangu mchana na usiku husukumwa tu. Ukikwama, sukuma."

Kaka yake Chiriku alikuwa njiani kuja kuwachukua, na angefika Jumapili jioni. Kilichobaki kilikuwa kukaa kimya mpaka jioni hiyo. Shemasi kwa upande wake alikuwa amewatangazia watu kwamba mkewe amesafiri kumuuguza mama yake, huku yeye akipita mitaani kwa upole wote, akisalimia, akiulizia, akiagana na watu vizuri. Upole huo ndio uliomtisha Chiriku kuliko kelele. "Safari hii akinipata," alimwambia fundi, bila kulia, "mtakuja kuniimbia mkiwa mmevaa sare hizo unazozishona."

Basi Jumapili mchana fundi alikuwa anapiga pindo la gauni, mguu uko kwenye kanyagio, aliposikia wimbo. Ulianzia kwenye kona ya barabara, sauti nne kamili, na ulikuwa unakuja upande wake. Aliutambua kabla haujafika ubeti wa pili. Ulikuwa ni ule wa kuwatembelea wagonjwa.

Alizima taa ya cherehani, akafungua mlango wa chumba cha ndani nusu, akamkuta Chiriku tayari amesimama, mkono mdomoni. Hakukuwa na haja ya kuelezana. Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja wa kutokea. Dirisha la chumba cha ndani lilikuwa na nondo nzito, ambazo fundi mwenyewe alilipia ziwekwe, kwa kuogopa wezi. Mtoto, waliyemwita Kifungo kwa vile alivyokuwa mdogo na wa mviringo, alikuwa amelala chali kitandani, mikono juu, hana habari.

"Yumo?" Chiriku aliuliza kwa midomo tu.

Fundi alitega sikio. Juu ya sauti zote alimsikia besi mmoja, halafu chini yake sauti nyingine, nzuri, iliyotulia. Akatikisa kichwa kuitikia.

Alifunga mlango taratibu. Bawaba ile hulia, na kwa muda mrefu alikuwa akiahidi kuitia mafuta ya cherehani. Ililia. Kisha alijitupa kwenye kochi, akajifunika shuka mpaka kidevuni, na hodi ikapigwa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina," fundi alijibu kwa sauti ya mtu anayekata roho. Alizidisha kidogo.

Waliingia mmoja mmoja wakiinamisha vichwa mlangoni, ingawa mlango haukuwa mfupi. Watu wakimtembelea mgonjwa huinama tu. Aliingia mwalimu wa kwaya, mzee mwembamba asiyependa mtu aimbe kwa kupayuka. Aliingia Bucha, muuza nyama wa mtaa, besi wa kwaya, mwenye mikono mikubwa kama makasia. Waliingia kina mama wa sauti ya kwanza, wale wanaosimama kila Jumapili bega kwa bega na Chiriku. Aliingia dereva, ambaye pikapu yake ndiyo iliyowaleta wasioweza kutembea. Akaingia shemasi na Biblia kwapani, shati limenyooshwa mpaka lina ncha. Na nyuma yake, akihema, akiongea tangu nje, akaingia kiongozi wa kundi, dada yake shemasi wa tumbo moja, ambaye kanisa zima lilimwita Mama Redio.

Jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Mama yule hakuwa na kifua cha kutunza kitu. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni unalisikia limeongezwa chumvi na watu usiowajua. Aliwahi kutangaza ujauzito wa mtu kwenye maombi kabla mume hajaambiwa. Fundi alipomwona anafungua mfuko wa machungwa huku macho yake yakizunguka chumba kizima, alisema moyoni: kwisha habari yetu.

"Pole, mdogo wangu, pole," Mama Redio alisema, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Akakiacha pale kidogo. "Mbona huna joto?"

"Limepanda, limeshuka," alisema fundi.

"Na hiyo futi shingoni? Ulikuwa unajipima homa?"

Watu wakacheka. Fundi akacheka pia, akaivua futi na kuisokota mkononi. Shemasi hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba akitazama meza ndogo karibu na cherehani. Juu ya meza kulikuwa na bakuli la uji, na pembeni ya bakuli kijiko cha plastiki, chekundu, kifupi, cha kulishia mtoto.

Fundi alikiona wakati ule ule shemasi alipokiona.

"Nilikuwa naona haya kuomba kijiko," alisema Bucha, akanyoosha mkono wake mkubwa mbele ya shemasi, akakiokota kile chekundu na kuanza kukorogea chai aliyomiminiwa na mmoja wa kina mama kutoka kwenye chupa waliyokuja nayo. Kijiko kilipotea kabisa kwenye ngumi yake. Alikoroga, akakilamba, akakitia kwenye mfuko wa shati akiwa anaongea habari za bei ya ng'ombe. Fundi alimshukuru Mungu kwa watu wasio na adabu.

Shemasi alivuta kiti, akakaa karibu kabisa na mlango wa chumba cha ndani.

"Unaishi peke yako bado?" aliuliza. Alikuwa na sauti ya kustarehesha. Wagonjwa wengi walimpenda kwa sauti hiyo.

"Peke yangu."

"Kazi nyingi, peke yako. Ndiyo maana unaugua." Akatabasamu. "Mke wangu angekuja kukusaidia, ila yuko safari. Hajakuaga?"

"Hajaniaga."

"Hata mimi aliniaga kwa haraka," alisema shemasi.

Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alikohoa. Mwingine alianza kumenya chungwa ambalo hakuna aliyemwomba. Kutoka chumba cha ndani kilisikika kitanda, sauti ndogo ya mbao, kama mtu mwepesi amejigeuza. Fundi alijikunja kwenye kochi akaanza kukohoa, akakohoa kikohozi cha mapafu yote mawili, mpaka machozi yakamtoka. Machozi hayo hayakuwa ya uongo. Alikuwa anafikiria kwamba Kifungo hulala mchana kidogo tu, na akiamka kitu cha kwanza anachofanya ni kuita, na hajui kuita kwa kunong'ona.

"Anatetemeka huyu," Mama Redio alisema. "Shuka lenyewe ndilo hili jembamba? Ngoja nikuletee blanketi. Liko ndani?"

"Hapana! Hapana, dada, mimi nina joto, nasikia joto..."

"Sasa hivi ulikuwa huna, sasa unalo. Lala." Na alikuwa ameshainuka. Alipita mbele ya magoti ya ndugu yake, akashika kitasa, bawaba ikalia, akaingia, na mlango ukarudi nyuma yake.

Fundi alifumba macho. Alingoja ukelele. Mama Redio, akimwona panya, mtaa wa pili hujua. Je, akimwona wifi yake, anayesemekana yuko safari, amejibana kwenye kona ya chumba cha watu? Na yule si mtu wa nje. Ni dada mtu. Alimlea shemasi tangu mama yao alipofariki, alimbeba, alimsomesha, na akimtaja huweka mkono kifuani. Fundi alihesabu watu waliokuwa kati yake na mlango, akatazama mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akaona haya kwa alichokiwaza, na bado hakuacha kuutazama.

Ukelele haukuja. Mle ndani kulikuwa kimya, kimya cha kupitiliza kwa mama yule. Shemasi aliinua kichwa.

"Dada? Umelikosa?"

Mlango ukafunguliwa. Mama Redio alitoka na blanketi kifuani, akaufunga mlango kwa mgongo wake, akabaki ameuegemea. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mashavu yalimlegea na midomo ilikuwa inacheza, na kwa mara ya kwanza tangu fundi amfahamu, haikutoa neno. Alivuka chumba, akamfunika fundi, akamchomekea blanketi mabegani kwa nguvu isiyo ya lazima. Akamtazama usoni kwa karibu. Fundi hakuweza kusoma kitu mle. Alimshika tu mkono na kuubana, bila kujua kama anaomba huruma kwa mtu anayeijua.

Mama Redio aliutoa mkono wake.

"Dereva," alisema. "Hiyo gari yako imeziba njia ya watu. Njoo nikuonyeshe pa kuigeuzia." Akatoka naye mpaka barazani. Alirudi peke yake, na nje pikapu ikasikika ikiwashwa, ikarudi nyuma, ikasimama karibu zaidi na mlango kuliko ilivyokuwa mwanzo, injini inanguruma. Fundi akajua yameisha. Alidhani gari lile limesogezwa ili shemasi ambebe mkewe.

Shemasi alikuwa ameshasimama. "Tuanze kuiombea nyumba," alisema, akaweka kiganja kwenye mlango wa chumba cha ndani. "Leo naona tuanzie humu, alalamo mgonjwa."

"Chumba cha ndani kiombewe mwisho," alisema Mama Redio.

"Siku zote tunaanzia..."

"Siku zote tunaanza kwa duara. Umeisahau desturi, au mkeo alipoondoka aliondoka na akili zako?" Alisema kama utani, na watu wakacheka kwa kuchelewa. "Simameni. Shikaneni mikono. Shemasi, mkono. Duara halina pengo."

Kiganja cha shemasi kilibaki mlangoni. Akatazamana na dada yake. Bucha aliweka kikombe chini, akautoa mkono ule mlangoni taratibu, kidole kwa kidole, akauweka ndani ya wake. Upande wa pili mwalimu wa kwaya akashika mkono uliobaki. Wakarudi nyuma hatua moja, na duara lote likarudi nao, mpaka mlango ukawa huru. Fundi naye aliinuliwa kochini, akawekwa kati ya kina mama wawili.

"Tufumbe macho," alisema Mama Redio.

Maombi ya mama yule yalijulikana. Watu walioyazoea huchagua mguu mmoja wa kuanzia, ili baadaye wabadilishe. Alianza kwa shukrani. Alimshukuru Mungu kwa jua, kwa paa, kwa cherehani na mwenye cherehani. Aliwaombea wagonjwa, akaombea wajane, akaombea wachungaji. Sauti yake ilikuwa inapanda kila alipoingia kundi jipya, na kina mama wakaanza kuitikia, Amina, Amina, juu zaidi na zaidi.

"Na sasa, Bwana," alisema Mama Redio, karibu anapiga kelele, "tunawaombea wasafiri!"

Bawaba ikalia.

"AMINA!" ilijibu sauti ya kwanza yote kwa pamoja, kabla maombi hayajafika mahali pa kuitikiwa.

Fundi alifumbua macho. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi, na Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, Kifungo kiunoni. Mtoto alikuwa macho. Nywele zake zilikuwa zimelalia upande mmoja, na alikuwa anatazama watu wote wale kwa mshangao wa mtu aliyetoka usingizini.

"Wasafiri walio njiani, uwafungulie! Wasiojua wafikie wapi, uwaonyeshe!"

"Amina!"

Njia ya kwenda mlango wa nje ilipita nyuma ya bega la shemasi. Hapakuwa na njia nyingine. Duara lilijaza chumba mpaka kwenye cherehani. Chiriku akaanza kwenda. Fundi alimwona anavyoweka mguu, kwanza vidole, kisha kisigino, na alitaka kumsaidia kwa namna yoyote, na hakuwa na namna yoyote, mikono yake ilikuwa imeshikwa. Ndipo alipowatazama wenzake.

Walikuwa wamefumbua macho. Mwanamke wa kulia kwake alikuwa macho, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, hayafuti. Wa kushoto alikuwa macho. Mwalimu wa kwaya, mzee yule, alikuwa anamtazama Chiriku moja kwa moja, kama anavyowatazama waimbaji kabla hajawaingiza. Bucha alikuwa macho, na mishipa ya mkono wake ilikuwa imetuna kwa jinsi alivyoukamata mkono wa shemasi. Duara zima lilikuwa linamtazama mwanamke yule akipita, na duara zima lilikuwa linasema Amina. Aliyefumba alikuwa mmoja tu.

Chiriku alifika nyuma ya mumewe. Kifungo akageuza shingo. Uso wake ulikuwa karibu na uso wa baba yake kiasi cha kuweza kumgusa.

"Baba amelala," alisema Kifungo.

"AMINA!" Bucha aliunguruma, besi iliyotikisa vikombe, na sauti ya kwanza ikapanda juu yake, Amina, Amina, na mwalimu wa kwaya, ambaye hapendi mtu apayuke, akapayuka. Shemasi alishtuka, kichwa kikaanza kugeuka. Mikono yote miwili ikavutwa mbele kwa nguvu, akayumba, akafumbua macho, na alichokiona mbele yake ni uso wa dada yake, karibu sana, ukiomba bila kupumzika.

Nyuma yake mlango wa nje ulijaa mwanga, ukabaki hivyo. Pikapu iliondoka kwa kasi.

"Kwa jina la Yesu," alisema Mama Redio, sasa polepole.

Hakuna aliyeitikia.

Shemasi alijikwamua kwenye mikono ya watu. Safari hii walimwachia. Aliingia chumba cha ndani, na walimsikia akiinua godoro, akifungua kabati, akisogeza ndoo. Alipotoka alikuwa anapumua kwa pua.

"Kitanda kina joto," alisema. "Nani alikuwa humu?"

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa tayari kudanganya mpaka mwisho, lakini Mama Redio alimtangulia, na ilikuwa kawaida yake.

"Mkeo na mwanao. Nimewatoa mimi."

"Wewe?" Alisema kama hajaelewa lugha. "Dada? Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja."

"Ndiyo. Ndiyo maana alipokuja kwangu mara ya kwanza, nilimrudisha kwako." Alikuwa analia waziwazi, pua na macho, hajifichi. "Alikuja na jino mkononi, mdogo wangu. Jino, kalishika hivi. Nikamwambia avumilie, mume wake ni mtumishi, asikuaibishe. Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwako mwenyewe. Mambo ya watu wote nayatangaza, hilo nikalifungia. Leo kaniona naingia chumbani, akapiga magoti. Alidhani nimekuja kumrudisha tena."

Shemasi akauendea mlango wa nje. Bucha alikuwa ameshafika. Hakuinua mkono. Alisimama tu, na mlango ukawa hauonekani.

"Nipishe."

"Kaa, shemasi."

"Mnanifukuza kanisani, sivyo? Semeni."

"Hakuna anayekufukuza," mwalimu wa kwaya alisema, akamsogezea kigoda cha cherehani. "Na hakuna anayekuachia uwafuate. Unakaa na sisi hapa mpaka wafike wanakokwenda. Baadaye tutakwenda wote kwa mchungaji, na utasema mwenyewe. Ukishindwa kusema, nitakaa karibu na wewe. Lakini utasema."

Alikaa. Pengine aliiogopa mikono ya Bucha. Dada yake akavuta kiti akakaa karibu naye, akaweka mkono mgongoni kwake, shemasi akausukuma, dada akaurudisha. Chai iliwapoea. Hakuna aliyeimba. Nje watu walipita na maisha yao, na kila gari liliponguruma barabarani, vichwa vyote viligeuka, na cha shemasi kilikuwa cha kwanza.

Katikati ya kungoja huko, mmoja wa kina mama wa sauti ya kwanza alimgeukia fundi, kwa upole lakini na lawama kidogo. "Na wewe, dada, kwa nini hukutuambia? Umembeba peke yako hivi, sisi tupo."

"Ningemwambia nani?" alisema fundi. Hasira ilimpanda ghafla, hasira aliyoimeza kwa siku zote tatu. "Mnasimama naye bega kwa bega. Amekuja mazoezini na kitambaa shingoni kwenye joto la kupasua mawe. Mlitaka niwaambie nini ambacho hamkukiona?"

Mwanamke yule aliinamisha macho. Wote waliinamisha, hata Bucha kule mlangoni. Fundi akatamani kuyarudisha maneno, kwa sababu alijikumbuka na yeye mwenyewe siku ile, amepiga magoti na chaki yake, akikisia kipimo badala ya kuuliza. Hakuyarudisha.

Simu ya Mama Redio ililia. Ilikuwa namba ya dereva. Mama Redio aliitazama, akashindwa, akampa fundi.

"Tumeonana na kaka," ilisema sauti ya Chiriku. Upepo wa barabarani ulikuwa unaikatakata. "Tumepanda gari lake. Tunaondoka sasa hivi."

"Mungu mwema," alisema fundi, akakaa sakafuni na blanketi lake. "Mungu mwema. Kifungo je?"

"Anakula ndizi." Kisha akauliza: "Wako hapo bado?"

"Wote."

"Nilipita nikiwa sitaki kumtazama mtu. Halafu nikatazama. Walikuwa wananiangalia, fundi. Wote." Sauti ile, ambayo kanisa zima liliijua kwa wepesi wake, ilikuwa nzito, inajivuta. "Miaka yote hii nilidhani labda sionekani. Waambie niliwaona wakiniona."

Fundi aliondoa simu sikioni. Walikuwa wanamtazama, mwalimu, Bucha, kina mama, Mama Redio na mkono wake mgongoni kwa ndugu yake, na shemasi mwenyewe akiwa ameinua uso.

"Amefika kwa kaka yake," aliwaambia. "Anasema aliwaona."